SOMO: PESA ZA MAZINGIRA HUPITIA WAPI KABLA YA KUFIKA SIRISIA?



Tukitembelea vikundi vya Namwela, Malakisi na Lwandanyi kuna swali moja ambalo halikosi: "Tunasikia kwa redio nchi tajiri zimetoa mamilioni ya dola kwa ajili ya miti na maji. Mbona chemchemi yetu bado inakanyagwa na ng'ombe?" Ni swali la haki. Katika somo hili tutazifuata hizo pesa kutoka huko zinakotoka, ili mjue ni wapi kikundi kinaweza kusimama na kuzidai.

Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba mfadhili anakuja na gari lake, anapendezwa na kikundi, anaandika cheki. Iko njia ya namna hiyo. Mfuko wa Mazingira wa Dunia ulianza mwaka 1992 kutoa misaada midogo moja kwa moja kwa vikundi na mashirika ya wananchi, na Kenya iliingia mwaka 1993. Anayesimamia ni shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP. Lakini hiyo ni njia nyembamba, na wanaopanga foleni ni wengi. Pesa nyingi zaidi hupitia serikalini. Mkopo wa Benki ya Dunia hutiwa sahihi na Hazina Kuu, Nairobi. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi nao, mlango wake rasmi hapa Kenya ni Hazina hiyo hiyo, na NEMA ni mojawapo ya mashirika yaliyokubaliwa kuzipokea pesa zake.

Mtauliza, kwa nini serikali ikae katikati? Si ni kuongeza mikono ya kula? Hofu hiyo tunaielewa. Lakini tukumbuke mambo yalivyokuwa kila mradi ulipojipangia wenyewe. Katikati ya miaka ya 2000 ulikuja mradi wa mito ya Sio, Malaba na Malakisi, chini ya umoja wa nchi za bonde la Nile, kwa pesa za Sweden na Norway, ofisi yake ikiwa Kakamega. Mwaka 2007 ukaanza mradi wa Benki ya Dunia wa maendeleo ya jamii na kuzuia mafuriko Magharibi mwa Kenya. Kisha Vi Agroforestry, shirika la Sweden ambalo watu wa Kitale wanalijua tangu miaka ya themanini, likaanzisha mradi wa hewa ya kaboni kwa wakulima wa Bungoma na Kisumu. Mwaka 2014 mradi huo ulipata cheti cha kwanza cha kaboni ya udongo, tani 24,788. Ni sifa kubwa, ingawa tani hizo ukizigawa kwa maelfu ya mashamba, pesa inayomfikia mkulima mmoja ni kidogo mno. Faida yake kubwa, kwa maoni yetu, ilikuwa mahindi kuongezeka pale samadi na matuta yalipotumiwa vizuri.

Miradi yote hiyo ilikuwa na nia njema. Shida ni kwamba kila mmoja ulikuja na ramani yake, fomu zake, na namna yake ya kuunda kikundi. Mama mmoja anaweza kuwa mweka hazina wa kikundi cha miti, mwanachama wa kikundi cha maji, na mjumbe wa kamati ya udongo, na wote ni wale wale wa kijiji kimoja! Mradi ukiisha, kikundi kinalala. Huku mlima mmoja unapandwa miti mara mbili, na ng'ambo ya mto hakuna hata mche.

Mto wenyewe unatufundisha. Maji ya Malakisi hushuka kutoka Mlima Elgon, yanapita kwetu, yanaungana na Malaba, yanaingia Uganda mpaka Ziwa Kyoga. Hayaendi kwanza Ziwa Viktoria kama wengi wanavyodhani. Kwa hiyo mradi uliochorwa kwa ajili ya mto Nzoia hautatugusa hata kidogo, ijapokuwa sisi na wa Nzoia tuko kaunti moja na twalia njaa moja. Ni lazima awepo mtu wa kutazama ramani zote pamoja na kusema: hapa pameshughulikiwa, pale pamesahauliwa.

Kazi hiyo ndiyo inaitwa mipango. Tangu 1983 ilifanywa na kamati za maendeleo za wilaya, DDC, ambazo wazee wetu wanazikumbuka. Siku hizi iko kwa kaunti. Kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinasema kaunti haitatenga pesa za umma nje ya mpango. Someni tena sentensi hiyo. Maana yake, chemchemi yenu kama haimo kwenye mpango, hata afisa anayewapenda sana hana ruhusa ya kuitengea shilingi.

Mpango mkubwa ni ule wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, na unatakiwa ulingane na mpango wa taifa wa miaka hiyo hiyo. Kutoka huo hukatwa mpango wa kila mwaka, ambao lazima ufike Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1. Mwezi wa Februari, si zaidi ya tarehe 28, hupelekwa waraka unaoonyesha kila idara itapata kiasi gani. Aprili 30 ni mwisho wa kupeleka makadirio ya bajeti. Julai 1 mwaka mpya wa pesa unaanza. Sasa angalieni: vikundi vingi huanza kupiga kelele mwezi wa Mei, bajeti ikisomwa. Wakati huo chakula kimeshapakuliwa. Mwezi wa kusema ni Julai na Agosti, kabla mpango wa mwaka haujafungwa.

Pesa za tabianchi zimepewa njia yao ndani ya mipango hiyo. Mfano ulitoka kaunti kavu kama Isiolo na Makueni, ambako mfuko wa kaunti uligawanywa hivi: asilimia 70 kwa miradi iliyochaguliwa na kamati za wadi, 20 kwa miradi ya kaunti nzima, na 10 kwa uendeshaji. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 ili kaunti nyingine zifuate mtindo huo wa kuanzia chini, na Ujerumani, Denmark na Sweden zikachangia. Mpango huo huitwa FLLoCA. Ili kupata fungu lake, kaunti hutakiwa kuwa na sheria ya tabianchi, kamati za wadi, na ripoti ya hatari za tabianchi iliyotoka kwa wananchi wenyewe.

Tumesema mkopo. Hiyo dola milioni 150 si sadaka. Tutailipa sisi na watoto wetu kila tukinunua sabuni. Kwa hiyo anayekwenda mkutano wa kutoa maoni kwa ajili ya soda na nauli tu, anakwenda kuuza haki yake kwa bei ya soda.

Tuchukue kikundi cha mfano, kina mama ishirini wa Lwandanyi wenye chemchemi iliyoharibika. Mwezi wa Juni wanahesabu nyumba zinazochota pale, wanaandika miezi ambayo maji hupungua, na wanapata barua ya mwenye shamba inayokubali chemchemi izungushiwe ua. Hii barua msiipuuze, maana mradi unaweza kukwama hapo hapo. Julai wanapeleka karatasi hiyo kwa kamati ya tabianchi ya wadi na nakala kwa msimamizi wa wadi, naye anagonga muhuri nakala yao. Septemba wanauliza: je, jina la chemchemi liko ukurasa gani wa mpango wa mwaka? Wakinyimwa kuona, Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinawapa haki ya kuomba kwa maandishi. Februari na Aprili wanauliza tena, kwa sababu jina linaweza kuwa kwenye mpango lakini likose pesa.

Yako mambo ambayo hata mpango mzuri wa kaunti hauyafikii. Mpango wa Bungoma unaishia mto Lwakhakha. Ng'ambo ni Uganda. Tukipanda mianzi ukingo wetu na wenzetu wakilima mpaka majini, udongo utaendelea kuteremka. Hapo ndipo miradi ya nchi mbili inahitajika, na ndipo vikundi vya kando ya mto vinaweza kuanza kwa kutembeleana tu, bila kungoja mfadhili.

Mkikutana juma hili, zungumzeni haya: Ni nani anayetuwakilisha kwenye kamati ya wadi, na alichaguliwa lini? Nakala ya mpango wa mwaka tumeiona, au tumesikia tu? Na katika vikundi vyetu vyote hapa kijijini, ni vipi viwili vinavyoweza kupeleka ombi moja badala ya mawili?