MIFUPA NA VIUNGO: KWA NINI MFUPA ULIOVUNJIKA HAUKANDWI

Mwili wa mtu mzima una mifupa 206. Mtoto mchanga huzaliwa na vipande vipatavyo 300, na kadiri anavyokua baadhi yake huungana, kama ilivyo kwenye fuvu la kichwa. Mfupa mrefu kuliko yote ni wa paja; mdogo kuliko yote umo ndani ya sikio.

Wengi huudhania mfupa kuwa kitu kikavu kama gogo, kwa kuwa waliouona ni wa mnyama aliyekwisha kufa. Mfupa ulio mwilini u hai. Umefunikwa na utando wenye kuhisi maumivu makali, hupitiwa na mishipa ya damu, na ndani yake mna uboho unaotengeneza chembechembe za damu.

Viungo

Mahali mifupa inapokutana huitwa kiungo. Kiwiko na goti hukunja na kunyoosha, mfano wa bawaba ya mlango. Bega na nyonga zina kichwa cha duara kilichoingia katika kikombe, ndiyo maana mkono huweza kuzungushwa pande zote. Ncha za mifupa zimevikwa gegedu laini, ute huzilainisha zisisagane, na kano huzishikilia pamoja.

Neno “kuteguka” hutumika kwa kano iliyovutika na pia kwa mfupa uliotoka mahali pake. Mara nyingi hata mfupa uliopata ufa huvimba na kuuma vivyo hivyo. Jicho na mkono havitoshi kuyatofautisha. Picha ya eksirei ndiyo huonyesha.

Jinsi mfupa unavyojiunga

Mfupa ukivunjika, damu huganda kati ya ncha mbili. Katika wiki zinazofuata hujengeka daraja laini mfano wa gegedu, ambalo baadaye huwa mfupa kamili. Mkono wa mtu mzima huchukua takriban wiki 6 hadi 8. Mfupa wa muundi huweza kuchukua miezi 3 au zaidi. Hogo haliungi mfupa, bali huzituliza ncha zikiwa zimenyooka ili mwili ufanye kazi yake. Kukanda au kuvuta hulibomoa daraja hilo changa, na mfupa huweza kuunga ukiwa umepinda.

Kwa mtoto hatari ni kubwa zaidi. Karibu na ncha za mifupa yake mirefu kuna gegedu la ukuaji. Likiharibika, mkono au mguu huweza kubaki mfupi au kupinda maisha yote.

Kabla ya kufika kituoni

• Majeruhi atulizwe. Pikipiki haimfai aliyeumia shingo, mgongo au paja. Abebwe akiwa amelala na kunyooka. Paja lililovunjika huweza kuvujisha zaidi ya lita moja ya damu ndani kwa ndani.
• Sehemu iliyoumia ifungwe pamoja na fito au ubao uliozungushiwa kitambaa, ukipita kiungo cha juu na cha chini yake.
• Pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe kuongezeka.
• Mfupa uliotokeza nje usirudishwe ndani. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi.
• Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, kifungo kimebana. Kilegezwe mara moja, kwani kiungo kilichokosa damu kwa saa chache huweza kuoza na kulazimu kukatwa. Aliyefungwa hogo akiziona dalili hizo arudi kituoni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Zahanati hutoa huduma ya kwanza na kuandika rufaa kwenda kwenye kituo chenye eksirei. Wananchi wanahimizwa kumfikisha majeruhi huko kwanza, siku ile ile aliyoumia, kabla hajakandwa na mtu yeyote.