Dondoo muhimu: Kulinganisha spika za kifahari

Spika mbili za bei moja zinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi, na bei haisemi tofauti iko wapi.

1. Zisikilize zote kwa kiwango kimoja cha sauti. Inayopiga juu kidogo humdanganya mnunuzi kuwa ndiyo bora.

2. Gonga ubavu wa boksi kwa kifundo cha kidole. Likilia kama debe tupu, jihadhari, ingawa si sheria: spika ya LS3/5A ya BBC iliundwa makusudi kwa plaiwudi nyembamba, ilhali kampuni ya Magico hutumia alumini na B&W huweka ndani vihimili vya kukaza boksi viitwavyo Matrix.

3. Usinunue jina la malighafi. B&W walisifika kwa koni za njano za Kevla kwa miongo kadhaa, kisha mwaka 2015 wakaziacha kwenye mfululizo wa 800 D3. Twita (spika ndogo ya sauti za juu) ya beriliamu au almasi hupendeza kwenye kijitabu cha mauzo. Mtihani wenyewe ni pale twita inapopokezana sauti na koni ya kati. Weka wimbo wa mwanamke na piano, usikie kama sauti inakatika.

4. Simama, kaa, sogea pembeni. Teknolojia ya Uni-Q ya kampuni ya KEF, ya mwaka 1988, ina twita katikati ya koni, hivyo husamehe anayehamahama. Spika ya Quad ESL ya 1957 haina boksi kabisa, lakini humtaka msikilizaji atulie.

5. Chungulia nyuma: tundu la hewa likibanwa ukutani, besi huvuma.

6. Soma unyeti, yaani ukubwa wa sauti spika inayotoa kwa nguvu ile ile ya amplifaya. Pungufu ya desibeli 3 hudai amplifaya nguvu maradufu.