HOTELI NDOGO NA MISHAHARA: NI SHILINGI NGAPI KWA SAHANI?

Wengi wenu mliketi katika ukumbi wa maakuli siku ile chama chetu kilipojadili mada isemayo, "Hoteli ndogo haziwezi kulipa mishahara mizuri." Makofi yalikuwa mengi, jasho likatutoka, na mwisho wake kila upande ulidai umeshinda. Mimi nilikuwa upinzani. Hata hivyo sikuridhika na pande zote mbili, kwa sababu hakuna aliyesimama na hesabu. Watetezi walisema mwenye hoteli atafunga mlango. Sisi tukasema hoteli zimejaa watu saa saba mchana, kwa hiyo pesa zipo. Mwalimu mlezi akaniambia, "Basi kaandike makala." Ndiyo haya.

Kabla ya tarakimu, ni muhimu tutenganishe maneno ambayo siku ile tuliyachanganya kama githeri. MAPATO ni pesa zote zinazoingia. FAIDA ni kile kinachobaki baada ya gharama zote kulipwa. Hoteli iliyojaa watu ina mapato. Hatujui bado kama ina faida. Halafu kuna MSHAHARA na UJIRA. Mshahara hulipwa kwa mwezi, na ujira aghalabu ni malipo ya kazi au ya siku, kama ya kibarua. POSHO na MARUPURUPU ni nyongeza juu ya mshahara, kwa mfano posho ya nyumba. BAHASHISHI ni ile shilingi ishirini unayomwachia weita kwa hiari yako, na katika hoteli za mtaani huachwa kwa nadra sana! Tofauti ya mshahara na ujira si ya kamusi tu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kuwa kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi ahesabiwe kama mwajiriwa wa mwezi. Kwa hivyo yule weita anayeitwa "kibarua" miaka miwili sasa, si kibarua.

Likizo iliyopita nilikwenda kwa mama mmoja mwenye hoteli mtaani kwetu Nairobi. Ni hoteli ya mabati, meza sita, wali na maharagwe, ugali na sukuma, chapati, karanga ya nyama na chai. Nilimwuliza, "Mama, unaweza kuwaongeza wafanyakazi wako mshahara?" Akacheka. "Mwanangu, wewe niongezee wateja kwanza." Lakini alinikalisha jikoni, akanieleza gharama moja baada ya nyingine huku akikanda unga. Hakutaka daftari lake lichapishwe, kwa hiyo hesabu ifuatayo ni ya hoteli ya mfano, niliyoitengeneza kwa tarakimu za mviringo zinazofanana na maisha ya pale.

Hoteli yetu ya mfano inauza sahani 100 kwa siku, bei ya wastani shilingi 120, siku 26 kwa mwezi. Mapato ni shilingi 312,000. Ukisikia kiasi hicho unaweza kusema huyu mama ni tajiri. Ngoja kidogo. Vyakula vinavyopikwa, shilingi 70 kwa kila sahani, ni 182,000. Makaa na gesi, 23,400. Kodi ya chumba, 18,000. Maji na umeme, 7,000. Sabuni, vikombe vilivyovunjika na vitu vidogo vidogo, 5,000. Kisha kuna ile kodi ya asilimia 3 ya mauzo iliyowekwa Julai 2023 kwa biashara zinazouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Hiyo ni 9,360. Wafanyakazi ni wanne: mpishi, weita wawili na mwosha vyombo, kila mmoja shilingi 400 kwa siku. Jumla yao kwa mwezi ni 41,600. Toa hayo yote, inabaki 25,640.

Hiyo 25,640 ndiyo faida, na ndiyo pia mshahara wa mwenye hoteli anayefika saa kumi na moja alfajiri na kuondoka saa mbili usiku. Leseni ya kaunti, na wateja waliokula kwa deni wakahama mtaa, sijawahesabu.

Sasa tumtazame mfanyakazi. Shilingi 400 kwa siku 26 ni 10,400 kwa mwezi. Amri ya mishahara ya chini iliyoanza kutumika Novemba 2024 iliongeza asilimia 6, na mfanyakazi wa daraja la chini kabisa jijini Nairobi akawekewa shilingi 16,113.75. Mpishi na weita wamewekwa daraja la juu kidogo, lakini tutumie hicho cha chini ili hesabu iwe nyepesi. Kiasi hicho hakina posho ya nyumba ndani yake. Ukiongeza posho ya asilimia 15 unapata kama 18,531. Juu ya hapo mwajiri huchangia asilimia 6 kwa hazina ya NSSF na asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba. Ukijumlisha kwa watu wanne, gharama ya mishahara inapanda kutoka 41,600 hadi 79,682. Nyongeza ni shilingi 38,082. Mama alikuwa amebaki na 25,640. Kwa hiyo akiamua kulipa nyongeza yote kutoka mfukoni mwake, atafanya kazi mwezi mzima na bado awe na hasara ya zaidi ya shilingi 12,000.

Hapa ndipo watetezi wa mada wangepiga meza na kusema, "Tulisema!" Naam, wana haki kiasi hicho. Lakini hesabu haijaisha.

Ile nyongeza ya 38,082 tuigawe kwa sahani 2,600 zinazouzwa kwa mwezi. Jibu ni shilingi 14 na senti 65. Yaani sahani ya 120 ikiuzwa 135, na wateja wasipungue, wafanyakazi wote wanne watalipwa kiwango hicho, pamoja na posho na michango, na mwenye hoteli atabaki na karibu kile kile alichokuwa nacho. Niliporudia hesabu hii mara ya tatu, nilishangaa. Siku ya mjadala tulikuwa tunazungumza kana kwamba mshahara mzuri utaifanya sahani ya wali iwe na bei ya hoteli za watalii. Kumbe ni shilingi kumi na tano.

Jambo hili halipaswi kutushangaza sana, maana mishahara ilikuwa kama asilimia 13 tu ya mapato ya hoteli yetu. Vyakula ndivyo vinavyomeza zaidi ya nusu. Mnakumbuka mwaka 2022, pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ilipopita shilingi 200? Hoteli zilifanya nini? Nyingine zilipandisha bei, nyingine zikapunguza ugali mpaka ukatoshea kiganjani, na chapati zikawa nyembamba ukiziinua unaona jirani. Watu walinung'unika wakala. Sikusikia mtu akisema kwamba kwa kuwa unga umepanda, mwenye duka apewe nusu ya bei. Bei ya unga tunaikubali kama mvua. Bei ya mtu anayeukoroga huo ugali ndiyo tunayoiona inaweza kungoja.

Hata hivyo, nisiwe mwepesi. Nilisema "wateja wasipungue," na maneno hayo mawili ndiyo yaliyobeba mzigo wote. Wateja wa pale ni watu wa mjengo, waendeshaji wa bodaboda, makanga na wachuuzi. Wao pia hawana kitu. Tuseme bei inakuwa 135 na wateja kumi kati ya mia wanahamia kibanda cha pili au wanabeba chakula kutoka nyumbani. Sahani ni 90. Nimepiga hesabu: mwenye hoteli anabaki na shilingi 9,541 badala ya 25,640. Wateja kumi tu! Nilipomwonyesha yule mama, aliitikia kwa kichwa na kuniambia, "Hapo sasa umeelewa. Jirani yangu akibaki na bei ya zamani, mimi nimekwisha."

Jirani. Nadhani hilo ndilo neno ambalo mjadala wetu ulilikosa. Swali lililoandikwa ubaoni lilikuwa kama hoteli ndogo inaweza kulipa zaidi. Hoteli moja peke yake, ikiwa imebanana na nyingine tano zinazolipa 400, haiwezi, au inaweza kwa shida kubwa. Hoteli zote sita zikipandisha pamoja, zinaweza, kwa sababu mteja hana pa kukimbilia ila nyumbani kwake.

Kuna utafiti mmoja maarufu unaohusu jambo hili hili. Ulifanywa Marekani, katika jimbo la New Jersey, ambako Aprili 1992 mshahara wa chini ulipandishwa kutoka dola 4.25 hadi dola 5.05 kwa saa. Jimbo jirani la Pennsylvania halikupandisha. Wataalamu wawili wa uchumi, David Card na Alan Krueger, walichunguza mikahawa ya vyakula vya haraka zaidi ya 400 pande zote mbili za mpaka, kabla na baada. Vitabu vilifundisha kwamba mikahawa ya New Jersey ingefukuza watu. Matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 1994 hayakuonyesha kazi zikipungua. Bei za chakula ndizo zilizopanda. Wataalamu wengine waliwapinga, na ubishi ukaendelea miaka mingi. Card alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021, miaka miwili baada ya mwenzake kufariki dunia. Mikahawa ile si kibanda cha mabati, nakubali, na ilibeba majina ya makampuni makubwa. Ninachokichukua ni kimoja: kule sheria iliwagusa wote siku moja, kwa hiyo hakuna aliyebaki nyuma na bei ya zamani kumnyang'anya jirani wateja.

Kwetu amri hutangazwa, mara nyingi Mei Mosi, lakini haiwafikii wote. Hoteli kubwa zina chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA kinachoketi mezani na waajiri. Kibanda chenye watu wanne hakina wa kuketi naye. Nilimwuliza mama kama amewahi kukaguliwa mishahara. Akasema, "Wa leseni namjua kwa jina. Wa afya namjua kwa jina. Wa mishahara sijawahi kumwona." Basi anayetii sheria ndiye anayeadhibiwa, tena na wateja. Kwa maoni yangu, kama kaunti inaweza kuzifikia hoteli zote za mtaa kila mwaka kutoza leseni, si muujiza kuzifikia kwa jambo hili pia, zote katika mwezi mmoja.

Nilizungumza pia na mwosha vyombo, kijana aliyemaliza Kidato cha Nne miaka miwili iliyopita. Nilimtajia hoja ya mwenye hoteli kwamba wafanyakazi hula bure mara mbili kwa siku, na hiyo ni posho. Alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye karai: "Mwenye nyumba hapokei ugali." Alikuwa wa tatu katika nafasi hiyo tangu mwaka uanze. Kila anayeondoka, siku za kwanza za mgeni ni vikombe kuvunjika, maagizo kuchanganywa, na mama mwenyewe kuosha sufuria wakati angekuwa akipokea pesa. Gharama hiyo haimo katika daftari lake wala katika hesabu yangu, lakini analipa.

Jambo la mwisho nililoligundua ni kwamba ukubwa wa hoteli si hoja kubwa kama tulivyodhani. Kinachoamua ni sahani ngapi zinauzwa kwa kila mfanyakazi. Katika mfano wetu ni sahani 25 kwa siku kwa mtu mmoja, na nyongeza ikawa karibu shilingi 15 kwa sahani. Hoteli inayouza sahani 40 kwa kila mfanyakazi itahitaji kama shilingi 9 tu. Ile inayouza sahani 12 kwa kila mfanyakazi, weita akishinda ameegemea mlango, itahitaji zaidi ya shilingi 30, na hiyo kweli haiwezi. Ya namna hiyo hata bila mshahara mpya inayumba.

Kila mmoja wetu anaweza kujaribu hesabu hii likizoni. Waulizeni wenye hoteli za kwenu mambo matatu: sahani kwa siku, idadi ya wafanyakazi, na ujira wa kila mmoja. Tafuteni kiwango cha amri kwa eneo lenu, kwani nje ya miji mikubwa kiko chini sana ya kile cha Nairobi. Toeni, zidisheni, gawanyeni. Majibu yenu, hasa yale yanayopingana na yangu, yatiwe katika sanduku la chama kando ya maktaba kabla ya mtihani wa katikati ya muhula, maana mada hii imepangwa kurudi ukumbini.