Cheche Inayopotea Njia: Unyevu na Uhami wa Umeme katika Pikipiki

Ifikapo Novemba, mvua za kwanza zinaponyesha Kaliua, mafundi wa pikipiki huletewa ugonjwa ule ule kila mwaka. Jana chombo kilikwenda vizuri. Leo alfajiri kinapigwa kiki mpaka mguu unachoka, wala hakiwaki. Au huwaka, kikafika katikati ya kijito na kuzimika. Jua likipanda hupona chenyewe bila kuguswa na fundi. Mwenye chombo aghalabu husema plagi imekufa, akanunua nyingine, na asubuhi ya pili mambo yakawa yale yale.

Jambo hili si dogo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ikifuata upande ule ule ambao zamani misafara ya wapagazi ilitoka Tabora kwenda Ujiji, na tawi lake la Mpanda huanzia hapo hapo Kaliua. Lakini vijiji vingi vimo ndani ya miombo, mbali na stesheni, na huko pikipiki ndiyo inayompeleka mama mjamzito hospitali usiku wa mvua. Kwa hiyo inafaa ijulikane kwamba mara nyingi plagi haina kosa. Cheche imezaliwa, ila imepotea njia.

Mwanafunzi atakumbuka kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831: uga wa sumaku unapobadilika ndani ya koili, volti huzaliwa. Koili ya kuwashia ina nyuzi mbili zilizozungushwa kwenye kiini kimoja cha chuma, wa kwanza wenye mizunguko michache, wa pili wenye maelfu. Katika pikipiki za zamani platini zilikata ghafula mkondo wa uzi wa kwanza, na volti nyingi zikatokea katika wa pili. Pikipiki nyingi za siku hizi hutumia mtambo unaoitwa CDI, ambamo kapasita huchajiwa hadi volti 200 au 400, kisha humwaga chaji yake yote katika koili kwa mara moja.

Je, volti ngapi zinahitajika? Hewa kavu ya kawaida, katika mwanya wa milimita moja, huvunjika zikifika volti 4,500 hivi. Mwanya wa plagi ni mdogo zaidi, yapata milimita 0.7, na mtu angedhani volti 3,500 zingetosha. Zingetosha kama plagi ingekuwa mezani. Ndani ya silinda pistoni imekwisha kuishindilia gesi, na Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba volti za kuvunja gesi hutegemea zao la kanieneo na upana wa mwanya. Gesi iliyoshindiliwa haivunjiki kwa urahisi. Hapo hudaiwa volti 10,000 na zaidi. Basi mwanya mdogo wa ndani waweza kuwa mgumu kuvukwa kuliko mwanya wa milimita kadhaa ulioko nje, kati ya kofia ya plagi na chuma cha injini. Umeme hautafuti njia iliyo fupi machoni pa mtu, bali iliyo rahisi.

Hapa pana kosa linalosikika hata madarasani, kwamba hewa yenye unyevu hupitisha umeme. Sivyo. Mvuke wa maji ni gesi, na hewa yenye mvuke huuzuia umeme sawa na hewa kavu, pengine zaidi kidogo. Mkosaji ni utando wa maji uliolala juu ya kihami. Hata maji hayo, yangekuwa safi kabisa, yangepitisha umeme kidogo sana. Lakini vumbi la kiangazi kizima limeganda juu ya kauri na mpira, pamoja na chumvi zake na jasho la mikono, na umande ukiliyeyusha hupatikana kipitishi. Ndiyo maana kauri ya plagi hutengenezwa na mikunjo kama pingili: kwayo njia ya kupita juu ya uso hurefushwa bila kuirefusha plagi yenyewe.

Utando huo haukauki sawasawa. Panapokauka kwanza volti zote hujikusanya, vicheche vidogo vya buluu hurukaruka, na joto lake huunguza mpira au plastiki mpaka ukabaki mstari mwembamba wa mkaa. Mkaa hupitisha umeme hata ukiwa mkavu. Tangu siku hiyo chombo hakiponi kwa jua, na dawa ni kubadili kofia au waya. Kauri haigeuki mkaa. Ikisafishwa hurudia hali yake, isipokuwa iwe imepasuka.

Hesabu ndogo itaonyesha kwa nini pikipiki mbili zilizolala nje pamoja hazisumbui sawa. Chukulia kwamba waya na plagi pamoja vina uwezo wa kuhifadhi chaji wa pikofaradi 50, na utando una ukinzani wa megaohmu 1. Zao lake ni mikrosekunde 50, nao ndio muda ambao chaji huhitaji kuvuja kwa sehemu iliyo kubwa. Katika mtambo wa platini volti huchukua mikrosekunde 50 hadi 100 kupanda, hivyo chaji huvuja huku ikiletwa. Katika CDI hupanda kwa mikrosekunde chache tu, na cheche hutokea kabla ya hasara kuwa kubwa. Hata hivyo CDI haina kinga dhidi ya cheche kamili inayoruka nje.

Kuhusu kinga, ya kwanza ni ya bei nafuu kuliko zote, nayo ni kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu kabla ya masika. Kisha kofia ya plagi ikazwe vema, na ndani ya mdomo wake ipakwe grisi ya silikoni kidogo, ambayo hufukuza maji na kujaza nafasi za hewa. Nafasi hizo zina madhara: mpira na hewa vikipangana katika uga mmoja, sehemu kubwa ya mkazo huiangukia hewa, nayo huvunjika kwanza. Grisi ya magurudumu isitumiwe, kwa kuwa mafuta yake huvimbisha mpira. Wengine hufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Tyubu ni nyeusi kwa sababu ya masizi yaliyochanganywa humo, na masizi ni mkaa, kwa hiyo si kihami cha kutegemewa. Mfuko wa nailoni nao hukusanya umande ndani. Nta ya nyuki, ambayo Tabora inasifika kwayo, ni kihami kizuri, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 63 za Selsiasi, na karibu na plagi joto hupita hapo kwa mbali. Ingefaa tu kwenye viungo vya koili iliyofungwa mbali na injini.

Darasani cheche ya pikipiki isichezewe, maana hupiga kwa nguvu na huweza kuwasha petroli. Kipande cha sahani ya kauri na mita ya ohmu vinatosha. Gusisha ncha mbili zilizoachana sentimita moja: kwanza kauri ikiwa kavu, kisha kwa tone la maji ya mvua, kisha kwa vumbi lililoloweshwa, na mwisho kwa maji ya chumvi. Andika masomo yote manne.

Zoezi: Umande umeshusha ukinzani hadi kiloohmu 200, na pikofaradi ni zile zile 50. Tafuta muda wa kuvuja, uulinganishe na muda wa kupanda wa mitambo yote miwili, kisha ueleze ni pikipiki ipi ina tumaini la kuwaka alfajiri hiyo.