Kuhesabiwa Ugenini: Somo juu ya Sensa

Masomo ya kusoma kwanza: Hesabu 26 na 27:1-7, 2 Samweli 24, Luka 2:1-7



Katika vikundi vya maombi vya nyumbani swali moja limerudi zaidi ya mara moja. Mkimbizi akifikiwa na karani wa sensa, aseme nyumbani kwake wamelala watu wangapi? Wako waliojibu wazi kwamba walikuwa tisa wakataja wanne. Mwenye nyumba hakuwajua wale watano, au wawili kati yao hawakuwa bado na karatasi, au mama aliona tu kwamba maneno machache hayaleti shida. Somo la leo ni kwa ajili ya wale watano wasiotajwa.

Tuanze na Biblia, maana hapo ndipo wengi wetu tulipofunga mlango. Ndugu mmoja akisikia sensa hukumbuka Daudi na tauni ya 2 Samweli 24, na kusema kuhesabu watu ni dhambi. Tusome vizuri. Daudi alitaka idadi ya wanaume wenye kushika upanga, na hata Yoabu, jemadari wake, aliona jambo hilo si zuri akamwuliza mfalme analitakia nini. Lakini katika kitabu cha Hesabu ni Mungu mwenyewe aliyeagiza watu wahesabiwe, tena mara mbili. Mara ya kwanza, Sinai, walipatikana wanaume 603,550 wa miaka ishirini na zaidi. Mara ya pili, katika nchi tambarare za Moabu, walikuwa 601,730. Biblia basi haiweki kesi moja kwa kila hesabu. Inauliza hesabu hiyo ni ya kazi gani.

Angalieni watu hao walikuwa nani. Walikuwa watu wa mahema, miaka arobaini bila shamba wala nyumba. Walihesabiwa wakiwa bado njiani. Kabila la Simeoni lilishuka kutoka 59,300 hadi 22,200, na Manase likapanda kutoka 32,200 hadi 52,700. Kisha mistari ya 52 hadi 56 inatoa sababu: nchi igawanywe kwa kufuata hesabu hiyo, kabila kubwa lipewe sehemu kubwa na dogo sehemu ndogo. Sensa ya Moabu ilikuwa ya kugawa mashamba.

Halafu msiishie hapo, ingieni sura ya 27. Mara tu baada ya hesabu wanakuja mabinti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao amekufa bila mtoto wa kiume. Kwa kuwa waliohesabiwa ni wanaume tu, nyumba yao haikuwa na mtu katika hesabu, na kwa hiyo haikuwa na fungu katika nchi. Walisimama mbele ya Musa wakasema, na Mungu akasema wamenena haki. Mimi naona hilo ndilo fundisho kubwa la Biblia juu ya sensa, kuliko hata lile la Daudi: nyumba isiyoonekana katika hesabu hukosa katika mgawo.

Tuje sasa Burundi. Nchi hii ilifanya sensa kubwa mwaka 1979, wakapatikana watu zaidi kidogo ya milioni 4. Mwaka 1990 walizidi milioni 5. Kisha vikaja vita vya 1993, na kwa miaka 18 haikuwezekana kuhesabu tena. Sensa ya Agosti 2008 ilipata watu 8,053,574, na katika jiji la Bujumbura 497,166. Iliyofuata ilianza Agosti 2024 na kuendelea hadi Septemba. Hiyo iliuliza pia mashamba na mifugo, na makarani walibeba tableti badala ya makaratasi. Matokeo ya awali yalitoa watu karibu milioni 12.3. Umoja wa Mataifa ulikuwa umekadiria kwa mwaka huo karibu milioni 14. Ona tofauti hiyo kati ya kukadiria na kupita mlango kwa mlango.

Kwa ndugu zetu wa Kongo jambo hili ni zito zaidi. Kongo, wakati ule ikiitwa Zaire, ilifanya sensa ya taifa mwaka 1984 ikapata watu kama milioni 30. Haijafanya nyingine. Basi mtu aliyezaliwa Uvira, Fizi au Bukavu baada ya mwaka huo, hata kama leo ana miaka 40 na wajukuu wanakaribia, hajawahi kuhesabiwa na sensa ya nchi yake. Wako miongoni mwetu ambao karani wa Bujumbura ndiye mtu wa kwanza duniani aliyewaingiza katika hesabu ya watu.

Sensa inafanyikaje? Kazi huanza muda mrefu kabla ya karani kubisha. Nchi yote hukatwa vipande vidogo kwenye ramani, kila kipande kiasi cha kutosha karani mmoja. Mipaka yake ni barabara, mfereji au mto, ili pasiwe na nyumba inayohesabiwa mara mbili wala inayorukwa. Kisha huchaguliwa usiku mmoja, na kila swali hurudi kwenye usiku huo. Mwaka 2008 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 16 Agosti, usiku wa sikukuu ya Asomsio. Karani anaweza kufika baada ya siku kumi, lakini anauliza: usiku ule nani alilala hapa? Mtoto aliyezaliwa kabla ya saa sita ya usiku ule anahesabiwa. Aliyezaliwa asubuhi yake hahesabiwi, ingawa yumo mikononi mwa mama wakati karani anaandika. Na mzee aliyefariki siku ya pili yake anahesabiwa, kwa kuwa usiku ule alikuwa hai. Mama aliyefiwa anaweza kuona ni ukatili kumtaja. Mpeni nafasi, lakini atajwe.

Hapa tunatofautiana na Yusufu na Mariamu. Agizo la Kaisari Augusto liliwapeleka watu kila mmoja mji wa kwao, hata mwanamke mwenye mimba akafanya safari. Sensa ya siku hizi haimrudishi mtu kwao. Haijali asili yako ni Bethlehemu au Baraka. Inakuhesabu pale unapoishi, pamoja na wenyeji, kwa kuwa maji unayokunywa ni ya hapo na darasa analokalia mtoto wako ni la hapo. Mgeni wa siku tatu huandikwa kama mgeni. Aliyekaa miezi sita au zaidi, kwa kawaida, ni mkazi. Wanaoachwa nje ni watu kama wanadiplomasia, si wakimbizi.

Mtaa wetu wa Asiatique una shida zake katika jambo hili. Hata jina lake limetokana na tabia ya kuhesabu. Wabelgiji walipotawala Usumbura waliwagawa watu kwa rangi, Wazungu upande wao, Waafrika upande wao, na Wahindi na Waarabu wenye maduka wakapewa sehemu iliyoitwa ya Waasia. Usumbura ikawa Bujumbura mwaka 1962, lakini safu ya daftari la mkoloni imebaki kuwa jina la mtaa, hata leo ambapo familia za Kikongo na Kirundi zimepanga vyumba vya uani. Mchana mtaa unajaa wafanya biashara, wapagazi na wateja. Usiku wengi wao wamerudi makwao. Sensa inataka watu wa usiku. Zamu anayelinda duka huandikwa nyumbani kwake. Lakini familia iliyolala katika chumba nyuma ya duka, ambayo karani asingeiona kwa kupita barabarani, hiyo ni ya Asiatique, na isipojitaja hakuna atakayeijua.

Kwa nini ijulikane? Chukueni mfano wa chanjo. Tuseme takwimu zinaonyesha kwamba eneo la kituo cha afya lina watoto 400 wenye umri chini ya mwaka mmoja. Kwa kweli wako 520, kwa sababu 120 walifichwa na wazazi. Wauguzi wakichanja 440 ripoti itasema wamefikia asilimia 110, na mkubwa wa wilaya atafurahi. Kumbe watoto 80 hawana chanjo ya surua, na surua haiulizi karatasi. Sindano, dawa, hata idadi ya wauguzi hupangwa kwa kuanzia tarakimu ile. Tena kosa hilo halikai mwaka mmoja. Katikati ya sensa mbili, ofisi ya takwimu ya taifa, INSBU, hukadiria ongezeko kwa kuanzia sensa iliyopita. Hesabu ya 2008 ilitumika kwa namna hiyo hadi 2024. Aliyefichwa akiwa mchanga alikuwa amefikia kidato kabla ya hesabu kurekebishwa.

Mnakumbuka Burundi ilipoondoa malipo ya shule za msingi mwaka 2005. Watoto walijaa madarasani kuliko madawati yaliyokuwepo. Sensa ya mwisho wakati ule ilikuwa ya 1990, kabla ya vita, kabla ya watu kuhama na kuhamishwa. Mwaka 2006 matibabu ya watoto chini ya miaka mitano na kujifungua vikawa bure, na hapo tena ilibidi kupanga juu ya hesabu ya zamani.

Sasa tuzungumze juu ya woga, maana si upumbavu. Watu wa Maziwa Makuu tumeona karatasi ikiua. Nchini Rwanda mwaka 1994 kitambulisho chenye jina la kabila kilitosha kumtoa mtu garini asirudi. Mtu aliyepita katika mambo hayo akisikia hodi na kuona mtu mwenye orodha, moyo hudunda. Tusimcheke. Tumsaidie kutofautisha vitu vitatu ambavyo hapa mjini huchanganywa.

Kipo kwanza cahier de ménage, daftari la nyumba. Hilo ni la utawala na polisi; linaonyesha nani kwa jina analala katika nyumba fulani, na likikaguliwa jina lako linatafutwa. Upo pili uandikishaji wa wakimbizi, wa ONPRA na HCR. Huo pia ni wa majina, picha na vidole, na kazi yake ni kukulinda na kukupa haki ya msaada. Sensa ni ya tatu. Karani huandika majina ili asimruke mtu wala kumrudia, lakini kinachotoka mwisho ni jumla: watoto wangapi, wajane wangapi, nyumba ngapi hazina choo. Sheria ya takwimu inakataza kutoa habari za mtu mmoja mmoja. Basi kuhesabiwa katika sensa hakukupi ukimbizi, wala hakukunyang'anyi. Ambaye hajaandikishwa HCR asidhani karani amemwandikisha. Aende ofisi inayohusika. Na ukikutana na mtu anayejiita karani, una haki ya kuomba kitambulisho chake na kumwuliza shefu wa kartie kama anamjua. Karani wa kweli hadai pesa.

Kuna na upande wa pili, ambao hatuupendi. Mtu anayesema wanne kwa karani wa sensa, huenda akasema kumi na wawili palipo na mgawo wa unga. Uongo wa kuongeza nao una gharama. Kenya ilifanya sensa mwaka 2009, na mwaka uliofuata waziri alifuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini, kule Mandera, Wajir, Turkana na Lagdera, kwa sababu ongezeko lililoandikwa halikulingana na vizazi na vifo. Waliosema kweli katika wilaya hizo walifutiwa hesabu pamoja na waliozidisha.

Jambo moja la kuangalia kwa sasa. Makumi ya maelfu waliovuka Rusizi kuanzia Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, hawamo katika sensa ya 2024. Walifika baada ya karani kupita. Tena mwaka huo huo wa 2025 mikoa ya Burundi ilipunguzwa ikawa mitano, na komine zikawa 42, hivyo tarakimu za zamani za komine hazilingani moja kwa moja na za sasa. Mkisikia ofisi ikisema mtaa fulani una watu kadhaa, ulizeni ni hesabu ya mwaka gani, na kwa mipaka ipi. Kanisa linaweza kusaidia. Mashemasi wanaotembelea nyumba wanajua familia mpya ziko wapi, na wanaweza kumwambia mkuu wa kituo cha afya idadi ya watoto wachanga, bila majina, ili chanjo ziombwe za kutosha.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Someni tena Hesabu 27:1-7. Katika mtaa wenu ni nani leo wako katika hali ya mabinti wa Selofehadi, wapo lakini hawamo katika hesabu?

Mtoto yatima anayelala kwenu, mfanyakazi wa nyumbani, mpangaji wa chumba cha nyuma: karani akiuliza juu ya usiku ule, nani ndani ya nyumba yenu atajibu kwa ajili yao?

Wazee walio kati yetu wawasimulie vijana: mwaka 1984 huko Kongo, au 1979 na 1990 hapa Burundi, karani alipofika kijijini watu walimpokeaje, na walificha nini?