SHARUBATI YA POVU: SOMO LA JIKONI NA LA LUGHA

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini siku hizi mwenyeji akiwaona wageni langoni, badala ya kupona moyo humdunda. Kisa na maana? Soda! Wageni wanane ni chupa nane, na pesa zinazokwenda dukani mara nyingi ni zile zilizowekewa unga wa jioni. Asiponunua, mama mwenye nyumba hujiona ameaibika.

Jamani, hakuna haja ya kufika huko. Chupa mbili za soda na matunda ya sokoni zaweza kuwatosha watu wanane, tena wakanywa kitu chepesi chenye kuburudisha kuliko soda yenyewe. Leo tutajifunza namna ya kukitayarisha kinywaji hicho, sababu ya kila hatua, na maneno yanayokwenda na kazi hiyo.

JINA LAKE

Maji ya matunda yaliyotayarishwa kwa kunywa huitwa sharubati. Asili yake ni Kiarabu, ambamo kitenzi cha kunywa ni shariba. Katika ukoo huo tunalo pia neno sharabu, yaani kufyonza, kama karatasi inavyosharabu wino. Basi kwa kuwa yetu inatiwa soda ikafanya povu, tuiite sharubati ya povu. Mwenye jina zuri zaidi na alilete chamani.

MAHITAJI (bilauri 8)

Makarakara 12 yaliyoiva, yaani yale matunda ambayo wengi huyaita pasheni. Machungwa 4. Ndimu 1. Maji safi ya kunywa nusu lita, yaliyochemshwa yakapoa. Soda ya tangawizi au ya limau chupa 2 za mililita 300, ziwe baridi. Vyombo ni kisu, kijiko, chujio, bakuli na jagi.

Usichague karakara kwa ulaini wa ngozi. Karakara la zambarau likianza kujikunja ngozi kama uso wa ajuza, ndipo limeiva na utamu umekolea. Lipime mkononi: likiwa zito, lina maji, likiwa jepesi, achana nalo.

HATUA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha matunda yote kabla ya kuyakata, hata yale usiyokula maganda yake. Kisu kikipita juu ya ganda chafu huuingiza uchafu ndani.

2. Kata makarakara nusu kwa nusu, uchote nyama na mbegu kwa kijiko, utie katika chujio juu ya bakuli. Sugua kwa kijiko hadi zibaki mbegu tupu. Wenye mashine ya kusagia wasiiache izunguke kwa muda mrefu, maana mbegu zitavunjika na sharubati itakuwa na chengachenga mdomoni.

3. Kamua machungwa na ndimu, uchuje vilevile.

4. Mimina maji ya matunda katika jagi, uyazimue kwa ile nusu lita ya maji. Onja. Usikimbilie sukari, kwa sababu soda bado haijaingia.

5. Weka jagi mahali penye baridi. Asiye na friji alisimamishe ndani ya karai la maji ya mtungi, alifunike kwa kitambaa kilicholoweshwa.

6. Wageni wakishaketi, fungua soda. Inamisha jagi kidogo, uimimine polepole ukutani mwa jagi. Koroga mara moja au mbili tu, kisha gawa.

KWA NINI SODA IWE YA MWISHO?

Povu la soda ni gesi ya kaboni dayoksaidi iliyoyeyushwa katika maji. Mwingereza Joseph Priestley alianza kuichunguza mjini Leeds mwaka 1767, akitumia gesi iliyokuwa ikielea juu ya mapipa ya kiwanda cha pombe jirani na kwake. Mwaka 1772 akachapisha maelezo ya kuitia gesi hiyo katika maji. Gesi hii haipendi joto wala kusumbuliwa. Maji ya nyuzi 0 huweza kushika karibu maradufu ya gesi inayoshikwa na maji ya nyuzi 20. Kwa hiyo ukitia soda mapema, ukakoroga kama unayesonga ugali, gesi yote itatoroka na utabaki na maji matamu yaliyododa. Vipande vya nyama ya tunda navyo huifukuza gesi, ndiyo maana tulichuja.

TAHADHARI

Hapa ndipo penye uhai na mauti. Kipindupindu na homa ya matumbo huletwa na maji machafu, na uchachu wa ndimu si dawa ya kutegemewa. Chemsha maji hadi yatokote kwa dakika moja. Wanaokaa juu ya mita 2,000, kama wenzetu wa Nyahururu, wayaache dakika tatu, kwani huko maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100.

Na barafu je? Wako wanaochemsha maji vizuri, halafu wakatia barafu ya kununua isiyojulikana ilitoka bomba gani. Aa wapi! Hiyo ni kujenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Baridi haiui viini vyote vya maradhi. Barafu nayo itokane na maji yaliyochemshwa. Sharubati ikibaki, imalizwe siku hiyohiyo.

Kuhusu sukari, soda nyingi za kawaida zina takriban gramu 10 katika kila mililita 100. Anayemaliza chupa ya mililita 300 amemeza kama gramu 30. Katika bilauri yetu soda huleta gramu 7 au 8 tu, ingawa matunda nayo yana sukari yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilihesabu sukari ya maji ya matunda pamoja na ile ya soda. Kwa hiyo bilauri moja yatosha.

VITENZI VYA JIKONI

Wengi wetu hutumia "kuchanganya" kwa kila kitu. Tuvipambanue:

Kamua: kutoa maji kwa kubana, kama chungwa.
Chuja: kutenga maji na makapi. Unga huchekechwa, nafaka hupepetwa.
Zimua: kupunguza ukali kwa kuongeza maji.
Koroga: kuzungusha kijiko ndani ya kitu cha majimaji.
Vuruga: kuharibu utulivu au mpango. Sharubati haivurugwi!

ZOEZI

1. Tunga sentensi tano ukitumia vitenzi hivyo.
2. Wageni ni 20. Unahitaji soda chupa ngapi, makarakara mangapi na machungwa mangapi?
3. Mwenyeji hupona vipi mgeni anapokuja? Ijadili methali hiyo katika aya moja.

Aliyekosa jibu la swali la pili arudi sokoni na kalamu, asije akawapa wageni wa mwisho maji matupu.