Macho mekundu na makavu asubuhi: anza kuangalia chumba ulicholala

Wakazi wengi wa Kibera na Kawangware huamka macho yakiwa mekundu, makavu na yakikwaruza kana kwamba yameingia mchanga. Jirani atakwambia hukulala vya kutosha. Huenda ni kweli, lakini hali hiyo ikijirudia kila asubuhi, chunguza chumba chenyewe.

Tunapolala, jicho hutoa machozi machache. Kinacholilinda ni kope zilizofungwa pamoja na utando mwembamba wa mafuta unaotoka kwenye kingo za kope na kuzuia machozi yasikauke. Katika chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10, ambamo familia hupika, hula na kulala, moshi wa makaa au wa koroboi hubaki ndani usiku kucha na kuyawasha macho. Pikia nje au karibu na mlango ulio wazi, na jiko litolewe kabla ya kulala. Hapa si macho tu yaliyo hatarini: makaa yasiyotoa moshi bado hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini.

Wengine hulala kope zikiwa hazijafungana vizuri. Muulize unayelala naye. Vidonge vya mafua na mzio pia hukausha macho. Fundi wa kuchomelea vyuma asiyevaa kinga naye huumia kwa namna yake: mwanga humchoma mchana, maumivu huanza saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku wa manane.

Ukiamka kope zimegandana na zina magamba kama mba kwenye mizizi ya nywele zake, huenda una uvimbe wa kope. Nawa mikono, chovya kitambaa safi katika maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, kisha kiweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10. Baadaye futa kingo za kope taratibu. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa. Siku mbili hazitoshi. Kila mtu awe na kitambaa chake. Kwa ukavu, matone ya machozi bandia husaidia. Maji ya chai, maziwa ya mama na mkojo visitiwe machoni kamwe.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni matone yanayonunuliwa dukani bila kupimwa. Baadhi yana steroidi, kama deksamethasoni. Wekundu huisha haraka, ndiyo maana watu huyarudia na kuazimana chupa. Yakitumiwa kwa wiki nyingi, yanaweza kupandisha presha ya jicho bila maumivu yoyote, na uwezo wa kuona uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Yanaweza pia kuleta mtoto wa jicho. Kabla ya kulipa, uliza: hii ina steroidi?

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa mfano Kibera South au Riruta, ikiwa jicho linauma sana, linashindwa kuvumilia mwanga, linaona ukungu, limeingiwa na kitu au kemikali, au ikiwa unavaa lenzi za machoni. Kemikali ikiingia, lioshe kwanza kwa maji safi mengi kwa angalau dakika 15, ndipo uondoke. Mtoto mchanga mwenye usaha machoni asisubiri kesho.